Watu Wangapi Nyumbani?

Ngazi za Michenzani hazimhurumii mtu mnene,
na mie ni mnene.
Ghorofa ya tano nilifika nahema,
jalada la Ustawi kwapani,
kalamu ya ofisi imefungwa uzi isiibiwe.

Bi Mafunda alinikaribisha kwa sauti tu.
Mguu ulikuwa juu ya kigoda, umezongwa kanga,
na chini ya kanga harufu niliyoizoea kazini:
sukari, na donda lililosubirishwa.

"Watu wangapi nyumbani?" nikasoma fomu.
"Wawili. Mie na Karani."
Nikaandika mbili. Nikauliza, Karani yuko kazini?
"Yuko uvunguni."

Akatoka: paka wa kijivu, mkia nusu.
Akapanda mezani, akakaa juu ya fomu,
pale pale penye Mahitaji Maalumu,
ndipo nikalielewa jina.
Nikaivuta karatasi taratibu.
Nikafuta mbili, nikaandika moja.

Barua ya hospitali ilikunjwa mara nane
chini ya kopo la majani ya chai.
Alazwe siku kumi na nne, ilisema,
na ilikuwa na miezi miwili.
"Mguu huu watakuja kuukata, bibi."
"Nishasikia. Na yeye nimwachie nani?
Binti yangu yuko Maskati.
Mtoto wa jirani akiona paka hubanwa pumzi.
Huko chini hajapata kukanyaga, hata mchanga haujui."

Nilitaka kusema: paka tu huyo.
Mdomo nilikuwa nishaufungua.
Lakini jikoni niliona sufuria mbili,
moja ya muhogo kwa chumvi, yake,
na ndogo, ya dagaa.
Pencheni yake naijua mpaka senti.
Nikaufumba.

Nashuka, ghorofa ya tatu, nikakuta mtu na tenga:
Kombo Makungu, wa Mifugo,
kaja kuchanja paka wa watu,
jasho limemtotesha, kaegemea ukuta.
Tukazungumza kama wanaongoja mvua ipite.
"Mimi naitiwa mnyama," akasema,
"nafungua mlango, nakuta mtu hajala tangu jana.
Fomu ya mtu sina."
"Na mimi naitiwa mtu. Kisanduku cha paka hamna."
Akacheka. Akatazama ngazi zilizobaki.
"Ghorofa ya ngapi?"

Ofisi yake na yangu zinagawana ukuta.
Miaka sita tunaazimana stepla,
hatujapata kuazimana mtu.

Bi Mafunda alimhoji Kombo kama mposaji:
Kwenu wapi? Umeoa? Unanunua samaki gani?
Na tenga hilo limebeba kuku?
Karani hapendi harufu ya kuku.
Kombo akavua koti lake la kazi,
akalitandika ndani ya tenga.
Bibi akadai risiti, akaandikiwa:
Paka mmoja, mkia nusu,
kapokelewa akiwa na hasira.
Akaisoma mara mbili, akaitia kifuani,
kisha akanyoosha mkono kutaka kalamu yangu,
akatia saini barua ya hospitali, na uzi ukining'inia.

Kila Jumapili nilipeleka simu wodini.
Upande wa pili Kombo ameshika yake,
na Karani kwenye kioo, analamba paja,
hamtazami mtu.
"Kanenepa," Bi Mafunda akasema.
"Huyo daktari wako anampa nini?"
Akageukia ukutani, akajifunika shuka.
Wauguzi waliniambia usiku ule alikula sahani nzima.

Vidole viwili vilikatwa.
Mguu ulibaki.

Siku ya kumi na tisa tulipanda sote:
bibi na gongo lake, akipumzika kila ghorofa,
mie na dawa, Kombo nyuma na tenga linalonguruma.
Mlango ulipofunguliwa Karani akapita baina ya miguu yetu,
akaingia uvunguni moja kwa moja,
wala hakumsalimu mtu kwa siku mbili.
"Kanuna," bibi akasema, na furaha imemjaa.

Nikaiandika ripoti upya. Wakazi: wawili.
Mkuu wangu akavaa miwani, akasoma, akarudia.
"Huyu Karani, umri miaka tisa,
mbona haendi skuli?"
Nikamjibu: "Ameshaajiriwa."